Mwongozo Kamili wa Kujenga Kazi katika Haki ya Kimataifa na Utetezi wa Haki za Binadamu

Souleymane Guengueng hakuwa mwanasheria. Alikuwa mhasibu nchini Chad, akakamatwa mwaka 1988 chini ya utawala wa Hissène Habré na kukaa kizuizini zaidi ya miaka miwili. Utawala huo ulipoanguka Desemba 1990 na milango ya magereza kufunguliwa, alianza kazi ambayo hakuna mtu aliyemwajiri kuifanya: aliwatafuta manusura wenzake, akaketi nao mmoja mmoja, akaandika alikokamatwa kila mmoja, lini, na nani, na yaliyompata ndani. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya watu 792. Vitisho vilipozidi, aliyaficha makaratasi hayo nyumbani kwake kwa miaka. Mwaka 2000 yalitumika kufungua malalamiko Dakar, Senegal, alikokimbilia Habré, na tarehe 30 Mei 2016 mahakama maalumu iliyoundwa kwa makubaliano ya Senegal na Umoja wa Afrika ilimhukumu kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na utesaji.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wanaoulizia kazi hii huanzia mwishoni. Wanaona joho la wakili The Hague, Uholanzi, au kipaza sauti mbele ya Baraza la Haki za Binadamu kule Geneva, na wanauliza ni shahada gani itakayowafikisha hapo. Shahada ina nafasi yake na nitaieleza, lakini kiini cha kazi hii ni maelezo yaliyoandikwa vizuri kiasi kwamba yanaweza kusimama mbele ya mtu anayelipwa ili ayaangushe. Hatua zote zinazofuata zinakuelekeza kwenye uwezo huo, kwa sababu ndio unaoajiriwa.

Hatua ya kwanza: fahamu nani anamshtaki nani

Kosa la kwanza linalomwumbua mwombaji kazi ni kuchanganya vyombo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, iliyoko The Hague, husikiliza kesi kati ya dola na dola. Mtu binafsi hashtaki wala hashtakiwi pale. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, nayo iko The Hague, lakini si chombo cha Umoja wa Mataifa. Iliundwa na Mkataba wa Roma uliopitishwa tarehe 17 Julai 1998 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, na huwashtaki watu, si serikali, kwa makosa manne: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na uhalifu wa uchokozi. Ukiandika katika barua ya maombi kwamba ungependa kuitumikia ICC "kama chombo cha Umoja wa Mataifa", barua hiyo haitasomwa hadi mwisho.

Kando ya mahakama hizo za kudumu zimekuwapo za muda. Iliyokaa Arusha kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994 na kufungwa tarehe 31 Desemba 2015, na shughuli zilizobaki zikachukuliwa na chombo chenye matawi Arusha na The Hague. Kwa upande wa haki za binadamu, ambako anayewajibishwa ni dola badala ya mtu, Afrika ina Tume yake Banjul, Gambia, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu Arusha. Mahakama hii haifikiwi moja kwa moja na kila mwananchi: nchi lazima iwe imetoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki, na baadhi ya nchi zilizotoa tamko hilo zimelifuta, zikiwamo Rwanda mwaka 2016, Tanzania mwaka 2019, na Benin na Côte d'Ivoire mwaka 2020. Mtetezi asiyejua hilo anaweza kumpotezea mteja wake miaka.

Sehemu kubwa ya kazi, hata hivyo, haiko katika majengo hayo. ICC huingia pale tu nchi husika haitaki au haiwezi kushughulikia kesi yenyewe, na hivyo kesi nyingi za uhalifu wa kimataifa zinapaswa kuishia katika mahakama za kawaida. Nchi kadhaa pia huwashtaki watu kwa uhalifu uliofanywa kwingine kabisa. Mahakama ya Koblenz, Ujerumani, ilimfunga maisha Anwar Raslan, aliyekuwa ofisa wa ujasusi wa Syria, mwezi Januari 2022 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu uliotendwa katika kituo cha mahabusu nchini Syria. Kwa hiyo unapohesabu mahali unapoweza kufanya kazi, hesabu pia idara za waendesha mashtaka wa kitaifa, tume za haki za binadamu za nchi, tume za ukweli na maridhiano, na asasi ndogo zinazowasaidia mahabusu. Kwa maoni yangu, huko ndiko kwa kuanzia, na nitarudi kueleza sababu.

Hatua ya pili: chagua ujuzi kabla ya kuchagua taasisi

"Mwanaharakati" si cheo cha kazi. Waajiri hutafuta mpelelezi, mchambuzi wa takwimu, wakili, mkalimani, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, mwanasaikolojia wa mashahidi, mtunza kumbukumbu, mwandishi wa ripoti, au mtu wa kutafuta fedha za mradi. Katika kesi ya Habré, kumbukumbu za polisi wake wa siri, zilizokutwa zimetelekezwa N'Djamena mwaka 2001, zilikuwa na majina ya watu 1,208 waliokufa au kuuawa na jumla ya waathiriwa 12,321. Jalada la namna hiyo haliwezi kuwa ushahidi mpaka mtu anayejua nyaraka alipange na mtu anayejua takwimu alihesabu. Wote wawili wanaweza kuwa hawajawahi kusoma sheria.

Ujuzi mmoja wasemaji wa Kiswahili huudharau kwa kuwa wamezaliwa nao. Kesi za mashariki mwa Kongo zililazimisha ICC kusikiliza mashahidi kwa Kiswahili tangu kesi yake ya kwanza kabisa, ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji, na ukalimani wa mahakamani ulionekana kuwa jambo zito kuliko ilivyodhaniwa. Fikiria shahidi anayesema tukio lilitokea saa nane usiku. Mkalimani asiye makini ataandika saa nane kama inavyohesabiwa Ulaya, na utetezi utaonyesha kwamba kwa saa hiyo mshtakiwa alikuwa kwingine. Au shahidi anayesema "baba aliuawa" na siku ya pili akasema "baba alinisindikiza": wakili wa upande wa pili atamwita mwongo, kumbe wa kwanza ni baba mdogo. Mtu anayeweza kulisikia tatizo hilo kabla halijaingia kwenye kumbukumbu za mahakama ana thamani kubwa, mradi Kiswahili chake kiambatane na Kiingereza au Kifaransa cha kuandika hoja bila kubabaika. Hizo mbili ndizo lugha za kazi za ICC, na ukizijua zote mbili unawapita washindani wengi kwa hatua moja.

Hatua ya tatu: soma, lakini kwa hesabu

Kwa anayetaka kuwa wakili au mwendesha mashtaka, njia ni shahada ya sheria na kuandikishwa kuwa wakili katika nchi fulani, popote pale. Usiiruke hatua hii ya uandikishwaji kwa haraka ya kwenda kusomea shahada ya uzamili. Mtu atakayeongoza utetezi wa mshtakiwa au uwakilishi wa waathiriwa ICC hudaiwa uzoefu wa miaka isiyopungua kumi katika kesi za jinai, na uzoefu huo hupatikana katika mahakama za kawaida, kwenye kesi za wizi na mauaji, ambako mtu hujifunza kumhoji shahidi mwenye hasira na kumsikiliza hakimu aliyechoka.

Shahada ya uzamili husaidia, hasa kwa ajira za Umoja wa Mataifa. Chuo Kikuu cha Pretoria kimekuwa na programu inayoheshimika ya haki za binadamu barani Afrika, na mashindano yake ya mahakama ya mfano, yaliyoanza mwaka 1992, yamewatoa watu wengi walioko katika taasisi hizi leo. Shahada ya pili ya uzamili, kwa upande mwingine, mara nyingi ni njia ghali ya kuahirisha kutafuta kazi. Ukijikuta unaifikiria, jiulize kwanza kama kuna mtu aliyekunyima kazi kwa sababu ya kuikosa.

Jambo ambalo vyuo hulifundisha kwa uchache ni kusoma hukumu nzima. Chukua hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na shtaka la ubakaji. Shahidi mmoja, akieleza mambo mengine, alitaja kubakwa kwa binti yake mdogo; majaji waliendelea kuuliza, akiwamo Navanethem Pillay, mwanamke pekee katika jopo hilo, mashahidi wengine wakafuata, na mwaka 1997 hati ikarekebishwa. Hukumu ikaja kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari. Soma ukiwa na kalamu mkononi, na kwa kila jambo ambalo majaji wamelikubali andika pembeni walilikubali kwa ushahidi wa nani na kwa nini walimwamini. Ukizifanyia hukumu tatu zoezi hilo, utakuwa umepata elimu ambayo semina haziwezi kukupa.

Hatua ya nne: jifunze kuchukua maelezo ya shahidi

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Tazama maelezo haya, ya aina inayojaa katika majalada ya asasi nyingi: "Askari walituvamia usiku, wakaua watu wengi na kuchoma nyumba." Huenda kila neno ni la kweli, ila hakuna neno linaloweza kutumika. Mhoji alipaswa kuuliza: wewe mwenyewe ulikuwa wapi? Ulijuaje kuwa ni askari? Ulikuwa usiku, mwanga ulitoka wapi? Hao waliouawa, uliwaona wakipigwa, uliwakuta, au uliambiwa? Mhoji mwenye subira atapata kitu cha namna hii:

"Nilikuwa nimelala ndani na watoto wangu wawili. Nilisikia milio ya risasi kabla ya jogoo la kwanza. Nilichungulia dirishani, nikaona nyumba ya jirani inawaka, na kwa mwanga wa moto ule niliwaona wanaume watano wenye sare za kijani. Mmoja nilimtambua kwa sauti, kwa sababu alikuwa akisimama kwenye kizuizi ninachopita kila wiki. Sikumwona jirani yangu akipigwa risasi. Niliukuta mwili wake asubuhi, mlangoni pake."

Sentensi iliyo muhimu kuliko zote hapo ni "Sikumwona jirani yangu akipigwa risasi." Mwandishi mchanga huiona kama udhaifu na kutamani kuifuta. Wakili mzoefu huiona na kushusha pumzi, kwa sababu shahidi anayetenganisha alichokiona na alichokisikia ndiye majaji humwamini. Usimwekee shahidi maneno mdomoni, usimwulize "Walikuwa askari wa kikosi fulani, sivyo?", na usiibadilishe lugha yake iwe ya kisheria. Shahidi asiyejua kusoma hawezi kusema "vikosi vilivyojipanga vilitekeleza shambulio lililoenea". Maneno hayo yakionekana kwenye maelezo yake, kila mtu atajua ni yako.

Kabla ya swali la kwanza kuna ridhaa. Mweleze wewe ni nani, maelezo yataenda wapi, nani atayasoma, na nini huwezi kumhakikishia. Ulinzi usioweza kuutoa usiuahidi. Mwulize kama anakubali jina lake litumike katika ripoti, kama anakubali lifike mahakamani, na uyaandike majibu hayo kuwa mambo mawili tofauti, kwa sababu wengi hukubali moja na kukataa jingine. Mwulize pia ameshahojiwa na wangapi. Kila mahojiano ya ziada huongeza maumivu na pia huzalisha toleo jingine la kisa, ambalo litakuja kulinganishwa na lako neno kwa neno. Ikiwa shahidi ni mtoto, au jambo lenyewe ni ukatili wa kingono, na hujapata mafunzo mahsusi, kazi yako ni kumfikisha kwa aliyeyapata, pamoja na tiba, kisha kuondoka. Kanuni ya Murad, iliyotolewa mwaka 2022 na kubeba jina la Nadia Murad, manusura wa ukatili wa kingono, imeandikwa kwa ajili ya hali hiyo hasa.

Hatari ya kulifanya jambo hili ovyo ilionekana wazi katika kesi ya Lubanga. Katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012, majaji waliilaumu ofisi ya mwendesha mashtaka kwa kuwaachia watu wa kati sehemu ya kazi ya upelelezi bila usimamizi wa kutosha, na wakaweka kando ushahidi wa mashahidi kadhaa walioletwa kama watoto waliowahi kuwa askari. Lubanga alitiwa hatiani hata hivyo, kwa ushahidi mwingine ukiwamo wa picha za video, lakini kesi ilikuwa imeponea chupuchupu. Ukifanya kazi na asasi ndogo, huenda wewe ndiye utakayekuwa mtu wa kati huyo. Andika nani alikupeleka kwa shahidi, nani alikuwapo chumbani, na kila senti ya nauli uliyompa.

Picha na video zina adabu yake. Hifadhi faili la asili kama lilivyotoka kwenye simu, bila kulipitisha kwenye programu za ujumbe ambazo hulibana na kufuta tarehe na mahali vilivyomo ndani yake. Fanyia kazi nakala. Andika nani alipiga, lini ulipokea, na kila mkono lililopita. Taratibu zilizokubalika zipo na zinapatikana bure: Itifaki ya Istanbul kuhusu kuthibitisha utesaji, iliyoboreshwa mwaka 2022, Itifaki ya Minnesota ya mwaka 2016 kuhusu kuchunguza vifo vyenye shaka, na Itifaki ya Berkeley ya mwaka 2020 kuhusu ushahidi wa mtandaoni. Mtu aliyezisoma zote tatu na kuzitumia hata mara moja ana jambo halisi la kusema kwenye usaili.

Hatua ya tano: ufikishe ushahidi mahali unapoweza kuzaa kitu

Utetezi ni kuamua nani ana mamlaka ya kubadili jambo na kumpelekea ushahidi katika umbo analolitumia. Rekodi ya haki za binadamu ya kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa hupitiwa na nchi nyingine mbele ya Baraza la Haki za Binadamu kila baada ya takribani miaka minne na nusu, na asasi yoyote inaweza kutuma taarifa yake, mradi isizidi maneno 2,815, au 5,630 ikiwa asasi kadhaa zinaandika pamoja. Kikomo hicho ni mwalimu mkali. Mwanadiplomasia atakayeisoma taarifa yako ana nyingine nyingi mezani, na anatafuta pendekezo moja analoweza kulisoma kwa dakika moja na sekunde chache alizopewa. Ukimwandikia "Serikali iheshimu haki za binadamu", hana la kufanya nalo. Ukimwandikia "Serikali irekebishe sheria ya polisi ili kila kifo kinachotokea mahabusu kichunguzwe na chombo kisichokuwa chini ya polisi, na matokeo yapewe familia ndani ya siku 90", anaweza kulisoma kama lilivyo, na miaka minne baadaye utaweza kuuliza kama limetekelezwa.

Malalamiko kwa Tume ya Afrika yana mitego yake, nayo imeandikwa wazi katika kifungu cha 56 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Lazima uwe umemaliza njia za ndani ya nchi, isipokuwa zinacheleweshwa kupita kiasi. Lazima ulete malalamiko ndani ya muda unaofaa. Usitegemee habari za vyombo vya habari pekee. Na usitumie lugha ya matusi dhidi ya nchi husika. Sharti hili la mwisho huwakera wengi, nami naona lina kasoro zake, lakini kuandamana barabarani kulipinga ni jambo jingine na kulipuuza kwenye hati ya mteja wako ni jambo jingine. Hasira yako haina haja ya kuonekana kwenye karatasi ikiwa ukweli umepangwa vizuri.

Kampeni za hadhara zina wakati wake, na wakati mwingine kimya ndicho kinachomtoa mtu gerezani. Mwulize mfungwa au familia yake kabla ya kulitangaza jina lake. Hili watu hulisahau mno.

Hatua ya sita: ingia kwenye ajira

Sasa narudi kwa nini nasema uanzie kwenye taasisi ya nchini au asasi ndogo. Nafasi za mafunzo katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hazina mshahara, na nyingi za mahakama za kimataifa ziko hivyo au zina ufadhili kwa wachache. Miezi sita ya kujitegemea katika mji ghali humchuja mtu kwa uwezo wa familia yake, si kwa akili yake. Ni aibu ya sekta inayohubiri usawa. Ukipata ufadhili, nenda. Usipoupata, usione kuwa mlango umefungwa: mwaka mmoja wa kuandaa majalada ya mahabusu kwenye asasi ya msaada wa kisheria hukupa mifano mingi zaidi ya kazi kuliko miezi sita ya kuandaa muhtasari wa vikao.

Ajira za kitaalamu za Umoja wa Mataifa hupangwa kwa ngazi. P-2 kwa kawaida hudai shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka miwili, P-3 mitano, P-4 saba. Mwenye shahada ya kwanza mara nyingi huruhusiwa kwa kuongeza miaka miwili ya uzoefu. Wanaoanza huingia pia kwa mtihani wa vijana wataalamu, ambao ni kwa raia wa nchi zilizoorodheshwa mwaka husika, au kwa njia ya wanaojitolea wa Umoja wa Mataifa, ambao hulipwa posho ya kujikimu. Njia hii ya pili naipendekeza zaidi ya watu wanavyodhani, kwa kuwa hupeleka wengi kwenye ofisi za uwandani.

Fomu ya maombi huangaliwa na mtu aliye na orodha ya masharti mkononi. Kama tangazo linadai "uzoefu wa kufuatilia hali ya haki za binadamu", maneno hayo yawemo, na yafuatiwe na kazi yenyewe. Mtu akiandika "Nina shauku kubwa na haki za binadamu na naweza kufanya kazi chini ya shinikizo", hajasema lolote. Mwingine akiandika "Kwa miezi 14 nilitembelea magereza mawili kila wiki, nikaandaa majalada ya mahabusu 23 waliopitisha muda wa kisheria bila kufikishwa mahakamani, na 9 kati yao wakaachiwa kwa amri ya mahakama", msomaji atataka kuonana naye. Kwenye usaili utaulizwa yaliyokwisha kutokea, kwa mfano mara uliyokosana na mwenzako juu ya kazi, na si yale ambayo ungeyafanya. Andaa visa vitano vya kweli, kimoja kikiwa cha kosa lako mwenyewe, na ujue kukieleza kila kimoja kwa dakika tatu.

Umoja wa Mataifa hautozi ada ya maombi, ya usaili wala ya mafunzo. Anayekudai fedha kwa jina lake ni tapeli, hata akiwa na nembo na barua nzuri.

Hatua ya saba: jilinde, na uwalinde waliokuamini

Simu yako ina majina ya mashahidi. Ifunge kwa nywila ndefu, isimbe diski ya kompyuta, tenganisha orodha ya majina na maelezo yenyewe kwa kutumia namba, na usivuke mpaka ukiwa na kitu usichokihitaji safarini. Kabla ya kila safari ya uwandani, mtu mmoja ajue uko wapi na nini cha kufanya usipopiga simu kwa wakati mliokubaliana.

Ulinzi wa moyo hupewa mistari miwili katika vitabu vingi vya mafunzo, ilhali ndio unaowaondoa watu kazini. Anayesikiliza visa vya utesaji siku nzima huanza kuviota, au kinyume chake, huanza kutosikia chochote. Hali hii ya pili ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu mhoji asiyesikia huuliza vibaya. Jiwekee idadi ya mahojiano kwa siku. Tatu za kina zinatosha. Tazama video za ukatili bila sauti pale sauti isipohitajika, na usizitazame kabla ya kulala. Mwajiri asiyetoa nafasi ya kuzungumza na mtaalamu mwulizie hilo kwenye usaili, maana wewe pia unamsaili.

Hatua ya nane: panga miaka, si mikataba

Mikataba ya sekta hii ni mifupi na vyombo vingine hufungwa kabisa, kama ilivyokuwa kwa mahakama ya Arusha. Waliodumu ni wale waliokuwa na ujuzi wa kuhamisha. Fatou Bensouda alikuwa Waziri wa Sheria wa Gambia, akafanya kazi Arusha kama mshauri wa kisheria na wakili wa mashtaka, kisha akaenda ICC na kuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu kuanzia mwaka 2012 hadi 2021. Lipia leseni yako ya uwakili kila mwaka hata ukiwa ughaibuni, andika makala moja kwa mwaka kuhusu jambo ulilolifanya na unaloruhusiwa kulisema, na mpigie simu mkubwa wako wa kazi ya kwanza hata usipokuwa na shida naye.

Siku ya kuondoka, acha majalada. Usibebe nakala za maelezo ya mashahidi kwenye kompyuta yako, hata ukiwa umeyaandika mwenyewe usiku kucha, kwa kuwa ridhaa waliyotoa ilikuwa ya taasisi na kwa kusudi lililotajwa. Mwachie anayekupokea orodha yenye namba ya kila shahidi, lugha aliyohojiwa kwayo, mkalimani aliyekuwapo, alichokubali na alichokataa, mahali faili la asili lilipo, na namna salama ya kumpata. Iandike kwa ajili ya mtu asiyekufahamu, atakayelifungua jalada hilo miaka 15 baadaye, mkalimani akiwa ameshahama na shahidi akiwa amebadili namba ya simu mara tatu.